Ubao Uliolainika: Historia ya Kuponya Vyombo, Kutoka Pwani Hadi Nyanza

Siku moja, katika somo la fasihi hapa Kyambogo, mwanafunzi mmoja alisimama akatuuliza sitaha ni kitu gani. Neno hilo lilikuwa limetokea katika kifungu tulichokuwa tukikisoma, na sisi tukamjibu kama kamusi zijibuvyo, kwamba sitaha ni sakafu ya juu ya chombo cha baharini. Akaketi, kisha akasimama tena. "Na sitaha ikioza, Mwalimu, hutengenezwaje?" Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, kwa kuwa alikuwa mtoto wa mvuvi kutoka visiwa vya Sese, na kwao ubao uliooza si jambo la mzaha. Tulibabaika kidogo, tukasema kwamba mafundi wanayo njia yao, tukaendelea na somo.

Makala haya ni jibu letu kwa mwanafunzi yule, jibu ambalo limechelewa mno. Katika kulitafuta tulilazimika kusoma habari za majahazi ya Lamu, za mitumbwi ya Buganda na za wasafiri wa karne ya 19, na mwishowe tukajikuta mbele ya jambo ambalo lawahusu walimu wote wa Kiswahili katika Uganda. Tumezoea kusikia, na wakati mwingine sisi wenyewe twakariri, kwamba Kiswahili kiliingia nchi hii mabegani mwa askari. Habari za vyombo zatuonyesha kwamba kilikuwa kimekwisha kuvuka ziwa kabla ya kuvaa sare.

Tuanze na sitaha yenyewe. Jahazi la Lamu halina sitaha nzima kama ya meli. Lina sehemu iliyofunikwa upande wa omo na nyingine upande wa tezi, na katikati huachwa wazi kwa ajili ya shehena. Sehemu hizo zilizofunikwa ndizo zinazokanyagwa na mabaharia mchana kutwa, ndizo zinazochomwa na jua, na ndizo zinazonyeshewa mvua chombo kinapokuwa bandarini kikingojea msimu. Watu wengi wa bara hudhani kwamba maji ya chumvi ndiyo yanayoozesha mbao. Mambo ni kinyume chake. Chumvi huzuia kuvu inayokula mti, na ndiyo sababu mabaharia wa mataifa mengi walikuwa na desturi ya kuosha sitaha kwa maji ya bahari hata pale ambapo haikuwa chafu. Maji yanayolainisha ubao ni maji matamu, maji ya mvua, yale tunayoyaombea mashambani.

Ubao huanza kuharibika pale maji yanapopata kituo: katika tundu la msumari ulioanza kushika kutu, katika maungio ambayo pamba yake imetoka, au chini ya kipande kilichopigiliwa juu ya kingine pasipo kupakwa mafuta. Kwa juu huweza kuonekana mzima kabisa, hasa ukiwa na rangi. Ndani umekuwa kama mkate uliochovywa katika chai. Fundi mwenye ujuzi haanzi kwa kuangalia. Huanza kwa kutembea. Huvua viatu akapita juu ya mbao polepole, na kisigino chake humwambia mahali panaponesa. Kisha huinama akagonga kwa mpini wa tezo. Ubao mzima hutoa sauti kavu, iliyo juu. Ubao uliooza hutoa sauti nzito, kama ya mtu agongaye gunia la unga. Baadaye huchukua ncha ya kisu akachoma. Anachotafuta si mahali palipooza, kwa maana hapo amekwisha kupajua. Anatafuta mpaka, yaani mahali ambapo ncha ya kisu inakataa kuingia.

Hapa ndipo fundi mzuri na fundi wa haraka wanapoachana. Yule wa haraka hukata palipolainika peke yake, akatia kiraka, akapaka rangi, na mwenye chombo akafurahi kwa msimu mmoja. Yule mzuri huendelea kukata hadi katika ubao mzima, tena hupitiliza mpaka afike juu ya boriti iliyo chini ya sitaha, ili ncha ya ubao mpya ipate mahali pa kulala na kupigiliwa. Akifika hapo huikagua na boriti yenyewe, kwa sababu maji yaliyopita katika ubao yameshukia hapo, na hakuna faida ya kuweka ubao mpya juu ya boriti iliyokufa. Ubao wa kutilia hutakiwa uwe mkavu na wa mti ule ule, au wa mti unaovimba na kunywea kwa kiasi kile kile. Vinginevyo, mmoja utauvuta mwingine na maungio yatafunguka upya. Tundu la msumari hutobolewa kwanza kwa keekee ili ubao usipasuke. Msumari huvishwa nyuzi za pamba zilizolowekwa katika mafuta, ukapigwa hadi ncha itokee upande wa pili, kisha ncha hiyo ikapindwa. Hivyo maji hayapati njia ya kufuata chuma.

Baada ya hayo huja kazi ambayo ina jina lake maalumu katika Kiswahili, nayo ni kukalafati. Ni kujaza pamba yenye mafuta katika maungio ya mbao kwa patasi butu na nyundo, kidogo kidogo, ikashindiliwa hata isiweze kuingia zaidi. Kwa mwalimu wa lugha neno hili ni hazina. Limetujia kutoka Kiarabu, na ndugu zake wametapakaa katika bandari zote za Bahari ya Kati: Wareno husema calafetar, Wahispania calafatear, Waitalia calafatare, Wafaransa calfater. Wataalamu wamebishana sana juu ya chimbuko lake la kwanza, kwa kuwa mabaharia hawakuwa na desturi ya kuandika maneno waliyopeana. Jambo lililo dhahiri ni kwamba fundi wa Lamu na fundi wa Lisbon, wasingeweza kusalimiana kwa lugha moja, lakini wangeelewana pale mmoja wao angeshika pamba na kulitamka neno hilo.

Pamoja na kalafati yako maneno mengine ambayo yamelala katika kamusi zetu pasipo wa kuyaamsha. Deheni ni mchanganyiko wa mafuta na chokaa, au mafuta na utomvu, unaopakwa sehemu ya chini ya chombo. Shahamu ni mafuta ya mnyama yatumikayo katika kazi hiyo hiyo. Gadi ni mti wa kuegemeza chombo kilichopandishwa pwani ili kisilale ubavu. Banduru ni mahali maji yanapokusanyika ndani ya chombo ili yafuliwe, na upo ni kata ya kuyafulia. Sifa ni mafuta ya papa, ambayo hupakwa mbao ili zisinywee wala kupasuka. Kwa neno hili la mwisho tuna kisa chetu cha darasani. Tulipata kuwaambia wanafunzi kwamba jahazi hupakwa sifa kila msimu, na mmoja wao aliandika katika daftari lake, kwa hati nzuri sana, kwamba watu wa pwani huvisifu vyombo vyao ili visizame. Tulimpa nusu ya alama, kwa maana hakuwa amekosea sana.

Lakini misumari yenyewe si ya kale katika pwani yetu. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani kilichoandikwa katika karne ya kwanza baada ya Kristo kuhusu bandari za Bahari ya Hindi kinataja vyombo vilivyoshonwa katika pwani ya Afrika Mashariki, na kinasema kwamba mji wa Rhapta ulipewa jina hilo kwa sababu ya vyombo hivyo vya kushona. Vasco da Gama na watu wake walipopita Msumbiji mwaka 1498 nao waliona mbao zilizofungwa kwa kamba pasipo chuma. Chombo kilichodumisha ufundi huo kwetu kwa muda mrefu zaidi ni mtepe, uliojengwa na kuendeshwa na watu wa visiwa vya Lamu, hasa Wabajuni. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa mkeka wa pembe nne. Mitepe ilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Kuponya mtepe kulikuwa kazi ya namna nyingine kabisa. Chombo cha misumari hutengenezwa pale kilipoharibika; chombo cha kushona hakina budi kufunguliwa. Ubao mmoja ukilainika, kamba zilizoushika zilikatwa, ubao ukatolewa mzima, mpya ukachongwa kwa tezo hadi ukubaliane na jirani zake, matundu yakatobolewa yakielekeana, na kushona kukaanza upya. Tena kamba zenyewe huchoka kabla ya mti, hivyo kushona upya kulikuwa sehemu ya maisha ya chombo kama kula kulivyo sehemu ya maisha ya mtu. Kazi hii ilijaribiwa upya katika zama zetu. Mwaka 1980 huko Sur, Oman, ilijengwa merikebu ya kushona iitwayo Sohar, nayo ikasafiri hadi China chini ya Tim Severin, ikafika mwaka 1981. Sehemu yake ya chini ilipakwa chokaa na mafuta ya kondoo, yaani deheni ile ile ya mabibi na mababu, kwa ajili ya kumzuia mdudu wa baharini atobaye mbao, ambaye kwa kweli si mdudu bali ni wa jamaa ya chaza na kome. Hapo Unguja nako ulijengwa mtepe kamili mwaka 2003, ukapewa jina la Shungwaya na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib. Jumba hilo liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020. Hata majumba yana mbao na kuta zinazolainika ndani wakati nje pamepakwa chokaa.

Sasa na tuondoke pwani tuje kwetu. Msomaji asidhani kwamba tunaruka tu kutoka maji hadi maji mengine, kwa maana hapa kuna jambo la ajabu. Wasafiri wa kwanza kutoka pwani walipofika katika ziwa ambalo Waganda huliita Nnalubaale, hawakuwakuta watu wasiojua vyombo. Waliwakuta washonaji. Mtumbwi mkubwa wa Waganda, uliojengwa hasa na mafundi wa visiwa vya Sese, ulikuwa na mkuku wa gogo moja lililochongwa, na juu yake mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, na nyufa zake zikazibwa kwa nyuzi nyuzi. Mbele ulitokeza shingo ndefu iliyopambwa kwa pembe. Stanley, aliyeliona jeshi la majini la Kabaka Mutesa mwaka 1875 katika vita dhidi ya watu wa Buvuma, alipima mtumbwi mmoja akaukuta una urefu wa futi 72.

Wako waliojaribu kusema kwamba kushona huku kulifundishwa na watu wa pwani. Sisi hatuoni haja ya dhana hiyo. Mtu mwenye mbao mbili, asiye na chuma cha kutosha na mwenye nyuzi nzuri, atashona. Na Sese haikukosa nyuzi. Vyombo hivyo viwili havifanani kwa umbo wala kwa tanga, kwa sababu mtumbwi wa Sese uliendeshwa kwa makafi. Yatosha kusema kwamba mafundi wa pwani na mafundi wa ziwa walipokutana, kila mmoja alikuwa na kazi yake mkononi, na wangeweza kutazamana kama watu wa jamaa moja.

Walikutanaje? Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walifika katika ikulu ya Kabaka Suuna katika miaka ya 1840, wakipitia magharibi mwa ziwa kwa miguu. Njia ya maji ilikuja baadaye. Stanley alipofika kusini mwa ziwa mwaka 1875 alimkuta huko Kageyi mfanyabiashara kutoka pwani aitwaye Songoro, ambaye alikuwa na jahazi katika kisiwa cha Ukerewe. Hebu tufikiri maana yake. Mtu huyu alikuwa umbali wa miezi kadhaa kutoka Bagamoyo, hana duka la misumari, hana soko la pamba, na anajenga chombo cha tanga katika ziwa ambalo halikupata kuliona tanga la namna hiyo. Maneno yote tuliyoyataja hapo juu, au mengi yake, hayana budi kuwa yalitamkwa katika ufuko wa Ukerewe. Songoro aliuawa huko Ukerewe mwezi Desemba 1877, pamoja na wamisionari wawili Waingereza, Shergold Smith na O'Neill, katika ugomvi na Mfalme Lukonge.

Stanley mwenyewe alikuja na mashua yake, Lady Alice, iliyojengwa Uingereza na kukatwa vipande ili ichukuliwe na wapagazi Waungwana wa Unguja. Katika msafara huo alikuwamo kijana aliyesomeshwa na wamisionari wa Unguja, jina lake Dallington Maftaa. Stanley alipoondoka alimwacha kijana huyo kwa Mutesa, amsomee Maandiko na kuwafundisha watu wa ikulu. Walimu wa Kiswahili katika Uganda wakitaka kujua ni nani aliyewatangulia kazini, na wamtazame Dallington. Alifundisha pasipo ubao wa kuandikia na pasipo mshahara wa kuaminika, mambo ambayo wenzetu wengine watayatambua.

Baada yake akaja Alexander Mackay, na hapa tunaomba ruhusa ya kukaa kidogo. Mackay alikuwa Mskoti, mhandisi kwa elimu, aliyetumwa na misheni ya CMS. Alipofika Kageyi mwezi Juni 1878 aliikuta mashua ya misheni, iliyoitwa Daisy, imelala ufukoni katika hali mbaya. Aliitengeneza. Mwezi Agosti yeye na mwenzake C. T. Wilson walianza safari kuelekea Buganda, na tufani ikawatupa katika pwani ya magharibi ya ziwa. Mawimbi yakaivunja mashua. Hapakuwa na mbao zilizochanwa, wala mahali pa kuzipata. Mackay alifanya jambo ambalo fundi mwoga asingelithubutu: aliikata sehemu ya katikati ya mashua akaitoa kabisa, akatumia mbao zake kuponya omo na tezi, kisha akaziunganisha ncha hizo mbili. Ilikuwa kazi ya majuma mengi. Daisy ilirudi majini ikiwa fupi kuliko ilivyozaliwa, na Novemba 1878 Mackay alikuwa Buganda.

Na alipofika alizungumza lugha gani? Alizungumza Kiswahili. Mutesa alikijua, wakuu wengi wa ikulu walikijua kwa sababu ya biashara na dini ya Kiislamu. Mackay alisoma mbele yao tafsiri za Kiswahili za Askofu Edward Steere wa Unguja, na wasomi wa kwanza wa Kikristo katika Buganda walianza kusoma kwa Kiswahili kabla ya kuwa na vitabu kwa Luganda. Wakati huo huo mikono yake ilikuwa katika useremala na uhunzi, na vijana wa ikulu walikuja kutazama. Hatuwezi kutenga hapo lugha na kazi. Ndiyo maana hata leo mseremala wa Kiganda, ambaye pengine angekasirika ukimwambia anasema Kiswahili, hupiga omusumaali, hukata kwa omusumeeno na kulainisha kwa eranda. Ni msumari, msumeno na randa. Meli naye amekuwa emmeeri. Maneno haya hayakuletwa na amri ya serikali yoyote.

Ufundi wa Sese ulipatwa na msiba mkubwa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati ugonjwa wa malale ulipoua watu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 200,000 katika Busoga na Buganda. Serikali ya kikoloni chini ya Hesketh Bell, ambaye jina lake limebaki Port Bell, iliwahamisha watu kutoka kando ya ziwa, na mwaka 1909 visiwa vya Sese navyo vikaachwa tupu. Watu waliruhusiwa kurudi baada ya miaka kadhaa. Lakini ufundi wa mkono hautunzwi katika ghala. Mzee afapo bara, mbali na maji, mjukuu hujifunza kulima. Uvuvi uliporudi ulikuta misumari ya dukani, na mtumbwi wa Sese ukabadilika: umbo lilibaki kwa kiasi, uzi ukatoka, chuma kikaingia, na baadaye injini ikafungwa nyuma. Katika pande za Kisumu na Mwanza matanga ya pembe tatu kama ya pwani yalienea, na neno mashua likapata makao.

Lugha yenyewe ilikuwa na misukosuko yake. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kitumike katika elimu na utawala, na Kabaka Daudi Chwa pamoja na wakuu wa dini wakapinga, kwa kuwa waliona nyuma yake mpango wa kuitia Uganda katika muungano na Kenya ya masetla. Hofu yao ilikuwa na sababu. Kiswahili kikaachiwa polisi na jeshi, na mtoto wa Kampala akakua akikisikia kwa mtu mwenye bunduki. Amri ya mwaka 1973 iliyokifanya lugha ya taifa ilitolewa na Idi Amin, jambo ambalo halikukisaidia hata kidogo. Mwaka 2005 katiba ilirekebishwa kikawa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Ni viraka juu ya viraka, na baadhi yake, tuseme kweli, vilipigiliwa juu ya ubao ambao hakuna aliyeugonga kwanza.

Mwishoni mwa muhula tuliwachukua wanafunzi wetu, tukashuka kutoka Kyambogo kwa kupitia Nakawa, Bugolobi na Kitintale hadi Luzira, kwenye mwalo mmoja ulio karibu na Port Bell. Tulitaka waone kwa macho. Hapo ufukoni palikuwa na mashua iliyopinduliwa juu ya magogo, na fundi wa makamo akiikagua. Mwanafunzi wetu wa Sese, ambaye sasa alikuwa mwaka wa mwisho, alimkaribia kwa heshima akapiga goti kidogo kama ilivyo desturi. "Ssebo, tumekuja kujifunza namna mnavyokalafati."

Fundi alimtazama, akatutazama na sisi. "Mnavyo nini?"

Kijana akaeleza kwa mikono. Fundi akacheka. "Hiyo? Sisi twasema kuziba tu. Pamba hii hapa." Akatuonyesha nyuzi za pamba zilizosokotwa, kopo la rangi, na vipande vya bati vilivyokatwa kutoka madebe ya mafuta, ambavyo hupigiliwa juu ya maungio kushikilia pamba isitoke. Alijifunza kazi kwa mjomba wake huko visiwani. Neno kalafati hakuwa amelisikia maisha yake yote, lakini alipoanza kufanya kazi tuliona kila hatua tuliyokuwa tumeisoma. Aligonga kwa mpini wa nyundo, akatega sikio. Alichoma kwa kisu. Alipofika mahali fulani karibu na mkuku alisimama, akamwita kijana wetu aweke kidole. "Hapa pamelala maji. Mwenye mashua anataka nitie bati, aondoke kesho alfajiri. Bati nitalitia vipi juu ya uji?"

Tulimwuliza kwa nini mwenye mashua hataki ubao mpya. Alijibu kwamba mvule umekuwa ghali na haupatikani, na kwamba kila siku ambayo mashua imepinduliwa ni siku isiyo na samaki. Kisha akasema, pasipo kupandisha sauti, kwamba watu hawaioni mashua kwa chini. Wengi wetu tulikumbuka chombo kilichoitwa Templar, ambacho kilizama tarehe 24 Novemba 2018 karibu na pwani ya Mukono, kikiwa na watu wa starehe kuliko uwezo wake na katika hali ambayo wenye mamlaka walisema ilikuwa mbovu. Walikufa watu zaidi ya 30. Hakuna aliyelitaja jina hilo hapo mwaloni.

Fundi akaturuhusu tumsaidie kufungua ubao. Wasichana wawili walishika nyundo, wengine wakasokota pamba, na kijana wa Sese akawa anawatajia majina ya Kiswahili ya kila kitu kilichopita mkononi, naye fundi akiyarudia kwa namna yake na kutoa ya kwake kwa Luganda. Mwalo ni omwalo, hilo halikuhitaji mkalimani. Kafi ni enkasi. Mtumbwi ni eryato. Neno kalafati alilirudia mara tatu, akabadilisha irabu moja, akalitia katika sentensi ya Luganda kana kwamba limezaliwa Kalangala.

Kazi haikuisha siku ile. Ubao mpya ulikuwa bado kuchongwa, na baada ya kutiwa mashua ingelazimika kukaa majini usiku mzima, imefungwa kwa kamba, ili mbao zivimbe na kubanana. Mwenye mashua alifika jioni, akaiona imefunguliwa tumbo, akaanza kulalamika. Fundi alimpa kisu akamwambia achome mwenyewe. Alichoma. Kisu kiliingia hadi mpini, naye akakirudisha kimya, akaketi juu ya gogo, akauliza ubao wa mvule wa futi nane unauzwa kiasi gani.